Buli la udongo kutoka China: Namna ya kulichagua na kulitumia katika nchi ya majani chai

KATIKA maboma mengi ya Kiptere, Kaunti ya Kericho, chai hupikwa kwa njia moja. Maji na maziwa huchanganywa katika sufuria, majani na sukari hutiwa, kisha moto huachiwa ufanye kazi yake hadi povu lipande. Chai huchujwa na kumiminwa ndani ya chupa ya kuhifadhi joto, na mgeni akibisha hodi huikuta tayari.

Hakuna kasoro katika upishi huo. Hata hivyo, mkulima anayeamka alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi, akayabeba hadi kituo cha kukusanyia, anaweza kuzeeka bila kuwahi kuonja jani zima la shamba lake. Analolijua ni uzito wake kwenye mizani. Ladha yake huijua mtu mwingine, ng'ambo ya bahari.

Kipo chombo kinachoweza kuziba pengo hilo, nacho kimeanza kuonekana humu nchini. Ni buli dogo la udongo wa rangi ya kahawia au nyekundu, ambalo wengi hapa hulichukua kuwa birika tu. Huletwa na wanafunzi waliosomea China na wafanyabiashara wanaokwenda huko, na huuzwa pia katika maduka ya bidhaa za Kichina jijini Nairobi na kupitia mtandao wa intaneti.

Tatizo ni kwamba buli hilo haliji na maelezo anayoyahitaji mtu wa nchi ya majani chai. Aliyezoea birika la bati huliweka juu ya jiko la makaa nalo likapasuka. Mwingine hupikia maziwa ndani yake, na baada ya majuma machache harufu ya mgando haitoki tena. Pesa hupotea, na lawama zote huangukia chombo.

Makala haya yanaeleza buli hilo ni la namna gani, jinsi ya kulichagua, jinsi ya kulitumia kila siku, na iwapo lina manufaa yoyote kwa mkulima wa kawaida.

Asili ya buli

Mabuli mashuhuri zaidi ya udongo hutoka Yixing, mji ulioko katika mkoa wa Jiangsu, mashariki mwa China, karibu na ziwa Tai. Udongo wake huitwa zisha, yaani mchanga wa zambarau, ingawa hupatikana pia wenye rangi nyekundu na wa manjano iliyofifia. Huchimbwa ukiwa mgumu kama jiwe, ukapondwa, ukachekechwa na kukandwa kwa maji kabla ya kufinyangwa.

Ufinyanzi huo ulishamiri wakati wa utawala wa nasaba ya Ming. Kabla ya hapo, chai iliyothaminiwa nchini China ilikuwa ya mabonge yaliyoshindiliwa, ambayo yalisagwa yakawa unga na kukorogwa katika bakuli. Mnamo 1391, mfalme wa kwanza wa nasaba hiyo alipiga marufuku kodi ya chai ya mabonge, akaagiza iletwe ya majani yaliyo huru. Majani huru yalihitaji chombo cha kuyalowesha kikiwa kimefunikwa, na katika karne zilizofuata mafundi wa Yixing wakakitengeneza.

Tofauti kubwa kati ya buli hili na vyombo vingine vya Kichina ni ngozi yake. Vyombo vya Kichina vyenyewe si vigeni Afrika Mashariki, kwani katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua vipande vya kauri iliyosafirishwa kutoka huko karne nyingi zilizopita. Lakini kauri hiyo ilipakwa mng'aro unaofanana na kioo. Buli la Yixing halipakwi kitu, ndani wala nje. Huchomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi, likawa gumu lakini likabakia na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho.

Vitundu hivyo ndivyo asili ya sifa zake na pia hatari zake. Kuta za buli huhifadhi joto vizuri, na kila chai inayopita huacha chembe kidogo za mafuta na harufu yake. Chai nzuri itaacha harufu nzuri. Maziwa, sabuni na moshi wa mafuta ya taa navyo vitaacha harufu zao.

Jambo hili halipaswi kumshangaza Mkipsigis. Kibuyu cha mursik, yaani sotet, nacho hufuata kanuni hiyo hiyo. Huoshwa kwa maji, kikasuguliwa ndani kwa ufito wa sosiot, kisha kikapakwa makaa ya mti wa senetwet, na hakitumiwi kwa kitu kingine ila maziwa. Anayejua kutunza sotet amekwisha kupata nusu ya elimu ya kutunza buli la udongo. Isitoshe, chungu chenyewe katika Kikipsigis huitwa teret, na msikilizaji makini wa jina Kiptere hakosi kulisikia neno hilo ndani yake.

Si kila majani hulifaa

Kabla ya kutafuta buli, ni vyema mnunuzi ajiulize atatia majani gani. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hutengenezwa kwa utaratibu wa CTC, ambapo majani hupitishwa katikati ya magurudumu ya chuma yenye meno, yakakatwa, yakararuliwa na kuviringwa hadi yakawa punje ndogo. Hizo ndizo punje tunazozinunua kwa pakiti, na madaraja yake, kama vile BP1 na PF1, ndiyo yanayotajwa katika mnada wa Mombasa.

Punje hizo hutoa rangi na nguvu zake zote kwa dakika chache. Ndiyo maana hustahimili maziwa na sukari. Zikitiwa katika buli dogo la udongo, huziba matundu ya kichujio kilichoko ndani ya mdomo wake, na chai hutoka chungu kupita kiasi. Anayetaka kunywa CTC na maziwa abaki na sufuria yake. Hakuna buli litakaloishinda.

Buli la udongo ni la majani mazima, yaani chai ya othodoksi. Majani haya hunyauishwa na kusokotwa bila kusagwa, na yakipata maji moto hujikunjua polepole. Kwa sababu hiyo, yanaweza kutiwa maji mara mbili, tatu au zaidi, kila mara yakitoa ladha tofauti kidogo.

Chai ya namna hiyo hupatikana humu nchini. Baadhi ya viwanda vya wakulima wadogo, kwa mfano Kangaita katika Kaunti ya Kirinyaga, vimeweka mitambo ya othodoksi. Kuna pia chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 2011 na Wakfu wa Utafiti wa Chai, ambao makao yake yalikuwa papa hapa Kericho. Baadaye kazi hiyo ilichukuliwa na Taasisi ya Utafiti wa Chai chini ya shirika la KALRO.

Namna ya kuchagua

Jambo la kwanza ni ukubwa. Mabuli mengi ya Yixing yana ujazo wa mililita 100 hadi 200 tu, kwa kuwa Wachina wengi hutia majani mengi, maji machache, na kunywa kwa vikombe vidogo mara nyingi. Kwa mtu mmoja hilo linatosha. Kwa mume na mke, au kwa mwenye mgeni, ujazo wa mililita 300 hadi 400 unafaa zaidi. Familia ya watu wanane haitanufaika na chombo hiki isipokuwa kila mmoja aridhike na funda mbili.

La pili ni kifuniko. Kiweke mahali pake na ukizungushe taratibu. Hakipaswi kucheza wala kukwaruza. Kisha tia maji, ziba kwa kidole kitundu kilichoko juu ya kifuniko, na uinamishe buli kana kwamba unamimina. Maji yakikoma kutoka, kifuniko kimekaa sawasawa. Yakiendelea kumwagika, hewa inapenya pembeni. Buli la namna hiyo bado litapika chai, lakini halistahili bei ya juu.

La tatu ni mmimino. Maji yanapaswa kutoka kwa mkondo mmoja ulionyooka, na yakate mara moja buli linapoinuliwa, bila kudondoka chini ya mdomo. Mwombe muuzaji maji ya kujaribia. Muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu.

La nne ni mizani. Mdomo, tundu la juu na mkono vinapaswa kuwa katika mstari mmoja ukitazama kutoka juu. Ukilishika likiwa limejaa maji, lisikulemee kifundo cha mkono. Hakikisha pia kwamba vidole vyako vinaingia kwenye mkono wa buli bila kugusa ubavu wake, kwani ubavu huo utakuwa wa moto.

La tano, na pengine la muhimu zaidi kwa afya, ni harufu na rangi. Fungua kifuniko unuse ndani. Udongo mzuri hauna harufu, au una harufu ya vumbi la mvua ya kwanza. Harufu ya rangi ya viatu, ya mafuta au ya dawa ni ishara ya kuliacha. Mwaka wa 2010, runinga ya taifa ya China, CCTV, ilipeperusha uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya watengenezaji walitumia udongo wa kawaida na kuutia kemikali za kuupa rangi, kisha wakauuza kama zisha halisi. Jihadhari na rangi kali inayong'aa kupita kiasi, na usinunue buli lililopakwa rangi au nta kwa ndani.

La mwisho ni bei. Mabuli ya mafundi wakuu kama Gu Jingzhou, aliyefariki mwaka wa 1996, yameuzwa mnadani kwa mamilioni ya yuan. Kwa hivyo, anayekuuzia “kazi ya mkono wa fundi mkuu” kwa bei ya kuku anakudanganya. Mengi ya mabuli ya bei nafuu hutengenezwa kwa kalibu, na hilo si kosa mradi udongo ni safi na muuzaji hasemi uongo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lipime buli, wala usiipime hadithi yake.

Siku ya kwanza

Buli jipya huwa na vumbi la udongo ndani. Lisuuze kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, huku ukipitisha kidole kwenye kichujio.

Kisha tandika kitambaa safi chini ya sufuria isiyo na harufu ya chakula, uweke buli na kifuniko chake kikiwa kando, na utie maji baridi hadi yalifunike. Washa moto mdogo, uache maji yapate joto pole pole, na yatokote kwa utulivu kwa muda wa nusu saa. Epua, uache yapoe yenyewe. Kulitoa buli la moto na kuliweka juu ya saruji baridi ni kulitafutia ufa.

Wapo wanaoongeza majani ya chai katika maji hayo ili buli lianze kuzoea. Si lazima. Matumizi ya kila siku yatafanya kazi hiyo.

Chai ya kila siku

Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, maji hayafiki nyuzi 100 yanapochemka kama yanavyofika Mombasa. Huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi. Sehemu za chini, ukiteremka kuelekea Sondu, huchemkia juu kidogo ya hapo. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu chai nyeusi ya majani mazima hupenda maji ya moto sana, nasi tunaanza tukiwa tumepungukiwa.

Hapo ndipo buli la udongo linapopata nafasi yake. Kwanza, mimina maji yanayochemka ndani yake, lifunike kwa dakika moja, kisha uyamwage. Kuta zitakuwa zimepata joto na hazitaiba lile la maji ya chai. Asubuhi za baridi, hatua hii pia hulinda buli lisipasuke kwa mshtuko. Anza na maji ya uvuguvugu ikiwa limelala kwenye baridi usiku kucha.

Kwa buli la mililita 300, tia gramu tano au sita za majani mazima, yaani kama vijiko viwili vya chai vilivyojaa. Mimina maji moja kwa moja kutoka motoni, funika, na usubiri dakika tatu. Kisha mimina chai yote katika vikombe, usiache hata kidogo ndani, kwani ikibakia na majani itakuwa chungu. Mara ya pili, ongeza dakika moja au mbili.

Chai ya kijani, na ya zambarau iliyotengenezwa kama ya kijani, huhitaji upole zaidi. Acha maji yaliyochemka yapoe kwa dakika kadhaa hadi nyuzi 80 hivi, na yasikae na majani zaidi ya dakika mbili. Kwa kuwa udongo wa buli huficha rangi ya chai, tumia kikombe cheupe. Aidha, anayetia ndimu katika chai ya zambarau ataona rangi ikigeuka kuelekea waridi.

Sukari, kwa anayeitaka, na hata tone la maziwa, viwekwe kwenye kikombe. Ndani ya buli visiingie abadani.

Makosa ya kuepuka

Kwanza, usiliweke buli juu ya jiko la makaa, gesi au stovu ya mafuta ya taa. Halikuumbwa kwa moto wa chini. Maji huchemshwa katika birika, kisha huletwa kwake.

Pili, usilioshe kwa sabuni wala kulisugua kwa steliwulu. Maji moto na kitambaa laini vinatosha.

Tatu, usilaze majani yaliyotumika ndani yake. Yatoe, lisuuze, na uliache likauke kifuniko kikiwa wazi. Majira ya mvua ndefu, buli lililofungwa likiwa bichi litaota ukungu. Likiota, lisuuze kwa maji moto na urudie kulitokosa kama siku ya kwanza.

Nne, usilihifadhi jikoni penye moshi, wala karibu na vitunguu. Litabeba harufu hizo hadi kwenye kikombe chako.

Tano, usichanganye chai zenye harufu zinazopingana. Mwenye buli moja achague aina moja ya chai na adumu nayo.

Likitunzwa hivyo kwa miezi, ngozi ya buli huanza kung'aa yenyewe kutokana na mafuta ya chai na mguso wa mikono. Hata hivyo, msomaji asidanganywe na masimulizi kwamba buli la zamani hutoa chai kwa maji matupu. Hakuna buli linalochukua nafasi ya majani mazuri.

Je, mkulima anafaidika nini?

Ni haki kuuliza kama chombo hiki si anasa ya watu wa mjini. Jibu la ukweli ni kwamba hakuna anayelazimika kuwa nacho. Waonjaji wa chai viwandani na mnadani hutumia vyombo vyeupe vya kauri, kwa sababu havinyonyi harufu wala havifichi kasoro. Kipimo chao cha kimataifa, ISO 3103, ni gramu mbili za chai kwa kila mililita 100 za maji, kwa muda wa dakika sita. Asiyeweza kununua buli la Yixing anaweza kuanza na buli la kauri la kawaida, na hatakuwa amepungukiwa sana.

Faida iliyo kubwa zaidi hupatikana baada ya kunywa. Fungua kifuniko, umwage majani yaliyolowa kwenye sahani nyeupe, uyakunjue kwa kidole. Punje za CTC hazikuonyeshi kitu. Jani zima huonyesha kila kitu.

Ukiona majani mawili na chipukizi yakiwa bado yameshikana, mchumaji alifanya kazi yake. Ukiona vijiti na majani magumu, kuna aliyefukuzia kilo. Kwenye chai ya kijani, kingo zilizogeuka nyekundu husema kwamba majani yalishindiliwa katika gunia au yalikaa juani kabla ya kufika kiwandani. Kwenye chai nyeusi, rangi sawa ya shaba inayong'aa ni sifa, na rangi iliyofifia au yenye mabaka ni dosari.

Kericho imekuza chai ya biashara tangu miaka ya 1920, na zaidi ya asilimia 90 ya chai ya Kenya huuzwa ng'ambo. Mkulima anayepeleka majani katika viwanda kama Momul, Tegat au Toror hulipwa kwa kilo, kisha husubiri bonasi. Bei ikishuka, huambiwa ni ubora. Si rahisi kujibu hoja ya ubora kwa mtu ambaye hajawahi kuuonja.

Mkulima aliyekwisha kuonja jani zima, akaliona likiwa limefunguka mbele yake juu ya sahani, huingia katika mkutano wa wenye hisa akiwa na swali la maana zaidi kuliko lile la “bonasi ni ngapi?” Anaweza kuuliza majani yake yalikaa saa ngapi kituoni, na lori lilichelewa kwa nini.

Anayenunua buli la udongo basi na alinunue kwa macho mawili wazi, alikinge na moto na maziwa, na alitie majani yanayolistahili. Jioni moja, sufuria ya chai ya maziwa ikiwa bado ipo jikoni kwa ajili ya watoto, ajimiminie kikombe kimoja cha jani la nyumbani, bila kitu kingine ndani yake.